Kukua katika imani: kuomba, kupenda na kuteseka ukiwa na Mungu

Nimewafahamu Wakristo wengi wanaoomba kwa bidii, wanaofunga, wanaoyajua Maandiko kwa kichwa, lakini watu wa nyumbani mwao wanawaogopa. Nami nilikuwa mmoja wao. Niliweza kukesha Ijumaa usiku kucha nikiombea mataifa, kisha Jumamosi asubuhi nikamfokea mtoto kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Sikuona kwamba mkesha na kikombe vina uhusiano wowote.

Vina uhusiano mkubwa. Tumezoea kuyaweka maombi upande mmoja, upendo upande mwingine, na mateso tukayachukulia kama ajali ya kuombewa iondoke upesi. Kwa nilivyoona, haya matatu hufanya kazi pamoja. Mateso yakiachwa peke yake humchachua mtu. Nimewaona waliotoka kwenye majaribu wakiwa wachungu kama shubiri. Humkuza mtu anapoyabeba hadi kwenye maombi, na maombi yakamrudisha kwa watu akiwa mpole kuliko alivyoingia. Hatua zinazofuata zinashika njia hiyo. Usizikimbilie; moja tu yaweza kukuchukua miezi.

Hatua ya kwanza: jua unakua kuelekea wapi

Kanisa la Korintho halikupungukiwa na karama yoyote. Paulo mwenyewe analisema hilo mwanzoni mwa waraka wake wa kwanza kwao. Lakini sura mbili mbele anawaita watoto wachanga katika Kristo, na sababu anaitaja wazi: kwao kulikuwa na husuda na fitina. Soma sura hizo mbili kwa kikao kimoja utaona jambo la kutisha. Mtu anaweza kuwa na karama nyingi na bado akawa mtoto kiroho. Karama hutolewa kwa siku moja. Tabia huota polepole.

Basi fungua Wagalatia 5:22-23, mahali panapotajwa tunda la Roho: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Tazama kwamba Paulo anasema tunda, kwa umoja. Huwezi kuchukua furaha ukaacha kiasi.

Andika maneno hayo tisa kwenye karatasi. Mpelekee mtu anayeishi nawe, au anayefanya kazi nawe kila siku, umwulize: "Katika haya, lipi hulioni kwangu?" Akijibu, usijitetee. Usieleze. Sema asante, ukaandike alichokisema na tarehe. Mimi niliambiwa "upole" na mtu aliyesita kidogo kabla ya kulitamka, na kule kusita ndiko kulikoniuma. Hilo neno moja utakaloambiwa wewe litakuwa ombi lako la kila siku kwa miezi mitatu ijayo.

Hatua ya pili: weka muda, weka mahali, kisha usitafute hisia

Danieli aliomba mara tatu kwa siku, kwenye chumba kile kile, hata sheria ilipokataza. Yesu aliondoka alfajiri kukiwa bado giza akaenda mahali pasipokuwa na watu. Hawakungoja mpaka wajisikie. Mkristo anayeomba pale tu moyo unapowaka, siku moyo ukipoa hana pa kushika.

Anza na dakika kumi na tano. Ukijiwekea saa nzima kabla hujazoea, wiki ya pili utaacha na kubaki na hatia. Mimi nazitumia hivi: kwanza nasoma zaburi moja kwa sauti, polepole, hata kama haifanani na hali yangu ya siku hiyo. Halafu namwambia Mungu kilichotokea jana, kwa majina na mahali. Maneno ya jumla, "Bwana nisamehe dhambi zangu zote", hayanigharimu kitu. Ila nikisema, "Jana mchana nilimjibu dada yangu kwa dharau mbele ya wageni," najua ninaongelea nini, na mara nyingi najua pia la kufanya nikitoka hapo. Mwisho nawataja watu watatu. Watatu tu, si orodha ya ukoo mzima.

Akili itatangatanga. Utakumbuka deni, simu ambayo hujapiga, sufuria jikoni. Weka karatasi pembeni, andika neno moja, urudi. Mara nyingine hicho kinachokuvuta ndicho unachopaswa kukiombea, kwa hiyo usikifukuze kabla hujakitazama.

Siku zinazokosa maneno, chukua Sala ya Bwana, usimame kwenye kila sentensi mpaka iwe yako. Utakapofika kwenye kusamehewa kama tulivyowasamehe waliotukosea, kaa hapo. Katika Mathayo 6, Yesu akimaliza kufundisha sala hiyo anarudi kwenye ombi hilo moja tu na kulieleza upya. Mengine yote anayaacha yalivyo. Alijua ndipo tunapopita haraka.

Hatua ya tatu: chukua jina moja gumu

Hapa ndipo maombi hugeuka kuwa upendo, au hukwama.

Chagua mtu mmoja ambaye ukilisikia jina lake kitu kinakaza kifuani. Kama umeumizwa sana, usianze na aliyekuumiza kuliko wote. Anza na anayekukera. Andika jina lake kwenye ukurasa wake peke yake.

Wangu alikuwa mtu tuliyehudumu naye kwenye kikundi kimoja cha kanisa. Alisema maneno juu yangu nisipokuwepo, nikayapata yote. Wiki ya kwanza sikuweza kumwombea lolote jema. Nilikuwa nalitaja jina lake mbele za Mungu na kunyamaza, basi. Wiki ya pili niliomba alale vizuri, kwa kuwa usingizi ni kitu ninachoweza kumtakia mtu yeyote. Nikaendelea: kazi yake, watoto wake, afya yake. Jumapili moja, kama mwezi na nusu baadaye, nilikuwa nyuma yake tukitoka ibadani, nikaona kisigino cha kiatu chake cha kulia kimelika chote upande wa nje. Alikuwa anachechemea. Nilikuwa nimemwona mtu huyo kila juma kwa miaka minne na sikuwahi kujua kwamba anaumwa mguu. Nilimwuliza. Alinieleza kwa muda mrefu, tukiwa tumesimama mlangoni, watu wakitupita.

Hatukuwa marafiki wa karibu baada ya hapo, na sitaki nikudanganye kwamba huwa hivyo kila mara. Lakini macho yangu yalikuwa yamefunguka, na sikuyafungua mwenyewe. Ni vigumu sana kumwombea mtu usingizi kila siku na kuendelea kumwona kama jina tu la kesi uliyonayo.

Ukishaanza kuona, tenda. Soma tena 1 Wakorintho 13:4-7, safari hii ukiangalia sarufi. Upendo *huvumilia*, *hufadhili*. Hauhusudu, hautakabari, hauhesabu mabaya. Ni vitenzi mfululizo. Kile kiambishi *hu-* katika Kiswahili chetu ni cha mazoea, jambo linalotendwa tena na tena mpaka linakuwa desturi ya mtu. Watafsiri walituchagulia vizuri. Upendo unaoelezwa pale unajulikana kwa kinachotendwa Jumatatu na Jumanne, hata siku ambayo hujisikii chochote.

Ukitaka zoezi moja, chukua "hauhesabu mabaya". Kwa wiki moja, kila unapojikuta ukisema "hii si mara ya kwanza" au "wewe siku zote...", nyamaza katikati ya sentensi. Utashangaa daftari la madeni tulilo nalo vichwani lilivyo nene. Ukimaliza wiki, chukua "hautafuti mambo yake": msikilize mtu mpaka amalize bila kuleta kisa chako.

Kuna jambo lazima niliseme hapa kwa sababu limeumiza watu wengi. Kumsamehe mtu hakukulazimishi kumrudishia nafasi ya kukudhuru. Daudi alimkimbia Sauli aliyetaka kumwua. Akaja akapata nafasi ya kumwua pangoni, asiiguse, akakata pindo la vazi lake tu, na hata hilo likamchoma moyo. Hiyo ni huruma ya kweli. Lakini Sauli alipolia na kumwita mwanangu, Daudi hakurudi kukaa naye mezani, alipanda ngomeni. Kama unapigwa nyumbani, ondoka mahali hapo utafute msaada wa watu unaowaamini na wa sheria. Asikuambie mtu kwamba huo ndio msalaba wako. Paulo anaagiza tukae katika amani na watu wote "kama yamkini, kwa upande wenu". Upande wa pili si wako kuubeba.

Hatua ya nne: mateso yakija, yapeleke kwa Mungu yalivyo

Kwanza uliza yametoka wapi, maana dawa hazifanani. Nikiwa nimekopa kwa tamaa na sasa nadaiwa, ninachohitaji ni toba na mpango wa kulipa. Nikidhulumiwa, naweza kudai haki bila chuki. Nikiteswa kwa ajili ya jina la Kristo, Petro anasema nisione haya. Lakini sehemu kubwa ya mateso haina mhusika wa kumnyooshea kidole: ugonjwa, msiba, mimba iliyoharibika, kazi iliyokwisha. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Swali hilo bado linaulizwa vitandani mwa wagonjwa, tena na watu wenye Biblia mkononi, na linaongeza jeraha juu ya jeraha. Ukienda kumwona mgonjwa, liache mlangoni.

Yaliyonifundisha zaidi niliyapata nilipomuuguza baba. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa pamoja na usemi. Tulitakiwa kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, na zamu ya usiku ilikuwa yangu. Nilikuwa nimelala kwenye godoro sakafuni, kengele ya simu ikilia saa tano, saa saba, saa tisa. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na ndugu zangu waliolala, na Mungu, na hata na baba, jambo ambalo nililionea aibu kiasi kwamba sikulisema popote. Maombi yangu marefu yote yalikwisha. Yalibaki maneno mawili: "Bwana, nimechoka."

Kwa miezi kadhaa niliamini nimerudi nyuma kiimani. Ndipo siku moja nikasoma Zaburi ya 13 kama mtu anayeisoma mara ya kwanza. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ina mistari sita tu. Katika miwili ya kwanza mwandishi anauliza "hata lini" mara nne. Katika miwili ya kati anaomba: niangalie, unijibu. Katika miwili ya mwisho anasema anazitumainia fadhili za Mungu, ilhali hakuna kinachoonyesha kwamba hali imebadilika. Na malalamiko hayo yaliimbwa katika ibada! Yamo ndani ya kitabu cha sala. Zaburi ya 88 imekwenda mbali zaidi: inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari wa kufariji mwishoni, na bado ni sala.

Kwa hiyo chukua kalamu uandike zaburi yako kwa mpangilio huo wa 13. Mwite Mungu kwa jina. Mwambie kinachouma, na uulize hayo maswali unayoogopa kuyauliza. Omba kitu kimoja mahususi. Kisha andika jambo moja la kweli unalolijua kumhusu yeye, hata kama leo hulisikii. Kama huna hata hilo, azima maneno ya yule baba katika Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza kwa imani ile yenye ufa. Alimponya mwanawe.

Usiku mmoja nilipomaliza kumgeuza baba nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, nikasinzia nikiwa nimekaa. Nilishtuka nikihisi kitu. Alikuwa anavuta shuka kwa ule mkono mmoja uliobaki na nguvu, taratibu, inamponyoka anaivuta tena, mpaka ikanifunika miguu.

Sijapata maelezo ya kwa nini aliugua. Lakini tangu usiku ule sikuweza tena kusema nimeachwa.

Paulo anaandika kwamba "dhiki kazi yake ni kuleta saburi, na kazi ya saburi ni uthabiti wa moyo, na kazi ya uthabiti wa moyo ni tumaini". Neno la Kigiriki alilolitumia kwa uthabiti linabeba maana ya kitu kilichojaribiwa kikathibitika. Ona mlolongo ulivyo mrefu. Kati ya dhiki na tumaini kuna vituo viwili, na saburi haina njia ya mkato. Ukiwa bado kwenye kituo cha kwanza, usijilaumu kwamba hujaona tumaini.

Vipi kama umeomba na hukujibiwa? Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu ule mwiba mwilini. Mwiba ulibaki, akapewa neno: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Yesu naye Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kimwepuke. Anayekuambia hukupona kwa sababu imani yako ni ndogo, mwulize angewaambia nini hawa wawili. Mfikirie pia Monika, mama yake Augustino, yule aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa kanisa la kale. Alilia usiku kucha akimwomba Mungu amzuie mwanawe asisafiri kwenda Roma, na kijana akatoroka na merikebu. Kutoka Roma akaenda Milano, na huko Milano ndiko alikoipata imani, akabatizwa na askofu Ambrosi mwaka 387. Mama alinyimwa ombi la usiku ule. Kile alichokuwa anakililia kwa miaka mingi alikipata kwa kupitia safari ile ile aliyoikataa. Sisemi kila "hapana" itaelezeka hivyo. Nyingine tutakufa hatujazielewa.

Na mwili usiusahau. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe chini ya mti wa mretemu, Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, malaika akampa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu. Huzuni isiyoondoka wiki baada ya wiki, kukosa usingizi, mawazo ya kujiua: mwone daktari, na umwambie mtu leo. Kumwona daktari si kupungukiwa imani.

Hatua ya tano: mtafute mmoja wa kwenda naye

Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia. Tafuta rafiki wa zile siku saba. Kutaneni kila baada ya wiki mbili, muulizane maswali machache: umeomba? Lile jina gumu linaendeleaje? Nini kinakuuma ambacho hujakisema? Kisha ombeaneni kwa ufupi. Asiwe mtu wa kukusifu tu, wala mpelekaji wa habari.

Siku ikifika wewe ndiye uliyevuka, kuna mtu atakuhitaji. Paulo anasema Mungu hutufariji katika dhiki ili tuweze kuwafariji wengine kwa faraja ile ile. Baada ya baba kufariki, nilianza kwenda kukaa usiku kwa watu wanaouguza. Sipeleki mahubiri. Napeleka mikono miwili inayojua kumgeuza mgonjwa, ili aliye na zamu alale.

Dalili za ukuaji usizitafute kwenye urefu wa maombi yako. Angalia muda unaopita kati ya kumkosea mtu na kumwomba radhi. Kama zamani ulikuwa mwezi na sasa ni jioni ile ile, umekua. Angalia kama watoto wanakuletea wenyewe habari ya kikombe kilichovunjika.

Kesho asubuhi, kabla hujashika simu, soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Taja lile neno moja uliloambiwa unalikosa, na lile jina moja. Kama kwa huyo mtu huna la kuomba, mwombee usingizi.